Utumbo wa kitambaa: shajara ya mradi

Jumamosi, 5 Julai

Nimeanza. Sokoni Kiboriloni, hapa Moshi, leo nimepata taulo nne za mtumba, shuka la satini la rangi ya maziwa, jezi ya mpira yenye vitundu vitundu, na mabunda mawili ya lastiki. Vyote viko kwenye ndoo, nimeviloweka kwa sabuni ya unga.

Ninachotaka kutengeneza ni njia ya chakula ya binadamu kwa kitambaa, kwa urefu wake halisi, kuanzia umio hadi mwisho, na iwe inafunguka ili mwanafunzi aingize mkono na kupapasa ndani. Muhula uliopita niliwapa kidato cha pili kazi ya kuchora. Karibu wote walichora bomba moja linalopindapinda, wakalikata kwa vistari, wakaandika majina. Mmoja akaandika swali chini ya mchoro wake, kwa penseli, herufi ndogo sana: "Mwalimu, tumbo linajuaje pa kuishia?"

Nimetembea na swali hilo likizo nzima. Mtihani unataka majina, na majina nitaendelea kuyafundisha, lakini naamini mtoto huyu ameuliza jambo kubwa kuliko majina. Ndani ya kiinitete bomba hili huanza kama mrija mmoja laini, na ukiutazama huoni tofauti ya mahali na mahali. Baadaye kipande kimoja kinamwaga asidi kali, na jirani yake anayegusana naye hana ngozi ya kuivumilia asidi hiyo. Mlango upo kati yao, lakini ukuta haupo, na seli za huku hazihamii kule.

Jumanne, 8 Julai

Kabla ya kushona nilitaka kuona kwa macho yangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa bucha moja ya Majengo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Utumbo wa supu?"

"Nataka wote wa mbuzi mmoja, kuanzia kooni, haujakatwa wala kuoshwa."

Alinyamaza kidogo. "Huo hauliki hivyo." Nilipomwambia ni wa kusomea, aliufunga vizuri ndani ya kiroba na kunisihi nisiupasulie ndani ya nyumba.

Nilitandika turubai chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Baridi ya Julai ilisaidia, nzi walikuwa wachache na mlima ulikuwa umejifunika. Nilianza na umio: ngozi nyeupe, ngumu kidogo, haina utelezi mwingi. Nikaufuata ukaingia tumbo la kwanza kati ya manne ya mbuzi, lile kubwa lenye manyoya kama taulo. Hapo ndipo nilipokaa sana. Nilitegemea kukuta mpaka pale umio unapoingia tumboni, kwa sababu kwenye vitabu vyetu vya binadamu mpaka uko pale pale. Kwa mbuzi haupo pale. Ngozi ya umio inaendelea. Inabadilika sura, inaota manyoya kwenye tumbo la kwanza, inajikunja kama masega ya nyuki kwenye la pili, inapangika kama kurasa za kitabu kwenye la tatu, lakini ni ngozi ya aina ile ile: tabaka juu ya tabaka la seli bapa, zimekauka juu kama ngozi ya kiganja, na hazina tezi za kumwaga asidi. Chakula kinachachushwa humo na vijidudu, hakimeng'enywi na asidi.

Kisha nikafika mwisho wa kurasa, na pale pale, bila onyo, ngozi ikawa ya waridi, laini, yenye utelezi. Tumbo la nne. Mstari unaonekana kwa macho matupu, unaweza kuufuata kwa ncha ya sindano. Karatasi ya litmasi ya buluu niliyoigusisha kabla ya mstari haikubadilika sana. Niliyoigusisha baada ya mstari ikawa nyekundu mara moja.

Kwa hiyo mpaka ule ambao sisi tunao kwenye mlango wa tumbo, mbuzi ameusogeza mbele matumbo matatu mazima. Kwa nguruwe umeingia ndani kidogo tu kuzunguka mlango wa umio. Kwa panya unalikata tumbo katikati, nusu ngozi ya umio, nusu ngozi ya asidi. Wote ni mamalia na wote wana ngozi hizo mbili zinazokutana kwenye mstari mkali. Kinachotofautiana ni mahali mstari ulipowekwa. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari, maana nilikuwa nikifundisha kana kwamba mpaka ni sehemu ya umbo la tumbo. Tumbo lina umbo lake, na ngozi ina mpaka wake.

Utumbo mwembamba wa mbuzi huyu nimeupima kwa kamba: mita 19 na kidogo. Utumbo mpana wenye ule mzunguko kama konokono ndio ulionifurahisha. Unauminya kwa vidole kuanzia ndani ya mzunguko na unasikia uji, uji, halafu punje. Punje zile za mavi ya mbuzi zinaanza kufinyangwa humo humo, katika bomba ambalo kwa nje halijabadilika kitu.

Jumatano, 9 Julai

Vipande vinne nimeviweka kwenye spiriti ndani ya chupa za jemu: umio na tumbo la kwanza, kurasa na tumbo la nne, mlango wa kutokea tumboni, na pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana. Vilivyobaki nimevifukia shambani. Mikono bado inanuka.

Jumapili, 13 Julai

Nimempata fundi. Ni mama anayeshona barazani kwake hapa hapa Majengo, kwa cherehani ya miguu, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Nilimpelekea michoro, vipimo na vitambaa. Umio sentimita 25. Duodenamu, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, sentimita 25 pia. Utumbo mwembamba wote takriban mita 6. Utumbo mpana mita moja na nusu.

Vitambaa nilivyochagua: umio ni satini iliyokunjwa mara nne, kwa sababu ngozi yake ni tabaka nyingi. Tumbo ni satini moja iliyotobolewa kwa sindano nene, maana ngozi ya tumbo ina vishimo ambamo tezi hufunguka. Utumbo mwembamba ni taulo, kwa sababu vile vinyuzi vya taulo vilivyosimama ndivyo vilai vyenyewe, vidole vidogo vya nusu milimita hadi milimita moja vinavyofyonza chakula. Utumbo mpana ni jezi ya vitundu: una vishimo virefu lakini vilai hauna.

Darasani nafundisha kwa Kiingereza. Barazani kwa fundi ilibidi niseme yote kwa Kiswahili, na nimegundua kwamba mambo mawili matatu niliyodhani nayajua nilikuwa nayajua majina yake tu.

Alinisikiliza, akapapasa taulo, akauliza: "Na bitana?"

Nikamwambia kuna tabaka la ndani, ambalo ndilo hivi vitambaa, na kuna tabaka la nje la misuli, litakuwa kitenge chekundu. Nikamwonyesha pa kukata: vyote viwili vikatwe hapa, mwisho wa tumbo, hapa, mwisho wa utumbo mwembamba, hapa, mwisho wa utumbo mpana.

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Gauni lenye bitana, mshono wa ndani haukai juu ya mshono wa nje. Ukiviweka pamoja panavimba, nguo inakataa kulala. Kila kitambaa kina mshono wake."

Nilirudi nyumbani na michoro bila kumwachia.

Alhamisi, 17 Julai

Fundi alikuwa anazungumzia nguo, lakini amenifungua macho. Siku nne nimekuwa nikichora upya, na sasa mchoro una tabaka tatu, kila moja na mishono yake mahali pake.

Tabaka la ndani, yaani ngozi, lina mishono mikali minne: umio na tumbo, tumbo na duodenamu, utumbo mwembamba na mpana, na mmoja karibu kabisa na mwisho, ndani ya mfereji wa haja kubwa.

Tabaka la misuli lina pete zake. Pete ya kutokea tumboni iko karibu na mshono wa ngozi ya tumbo na duodenamu, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Lakini kwa mbuzi tumeona mlango wa kuingilia tumboni uko mahali pake na mpaka wa ngozi umeenda mbali nao. Kwa hiyo si kitu kimoja.

Tabaka la tatu ndilo nililokuwa nimelisahau kabisa: damu. Kiinitete kinagawa bomba hili sehemu tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na kila sehemu inapewa ateri yake kutoka kwenye ateri kuu: ya siliaki, ya juu ya mesenteri (utando unaoshikilia utumbo), ya chini ya mesenteri. Nikaweka mipaka ya damu juu ya mchoro, nikashangaa upya ingawa nilisoma haya chuoni. Mpaka wa mbele na kati haupo mwisho wa tumbo. Upo katikati ya duodenamu, karibu na pale mrija wa nyongo unapoingia. Na mpaka wa kati na nyuma upo ndani ya utumbo mpana, ule unaopita kwa ulalo juu, baada ya kama theluthi mbili za urefu wake. Ukifungua utumbo mpana pale ukatazama kwa ndani huoni chochote. Hakuna mstari, rangi haibadiliki, pete haipo. Lakini huko kwenye utumbo mpana ndiko maeneo mawili ya damu yanapokutana kwa ncha zao, na mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeshuka sana, kona ya juu kushoto ya utumbo huo huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukosa damu.

Nilimweleza fundi haya leo jioni. Nilipofika kwenye maumivu alisimamisha cherehani. Neva zinafuata mgawanyo ule ule wa zamani: sehemu ya mbele ikiumwa, mtu anashika chembe ya moyo, ya kati ikiumwa anashika kitovu, ya nyuma, chini ya kitovu.

"Mwanangu wa pili," akasema, "alianza kushika kitovu. Tukasema minyoo. Usiku maumivu yakahamia huku chini kulia. Kesho yake walimpasua, kidole tumbo."

Ndivyo ilivyo. Kidole tumbo kimening'inia huko chini kulia, lakini ni mtoto wa sehemu ya kati, kwa hiyo mwanzoni ubongo unaambiwa kitovu. Uvimbe ukishafika kwenye utando wa ukuta wa tumbo, neva nyingine za ukutani ndizo zinazosema mahali halisi. Mtoto yule mzima sasa, ndiye aliyetuletea chai.

Tumekubaliana: damu itakuwa uzi. Mwekundu kwa sehemu ya mbele, wa njano kwa ya kati, wa buluu kwa ya nyuma, umedariziwa juu ya kitenge, na ubadilike rangi mahali ambapo kitambaa hakibadiliki.

Jumapili, 20 Julai

Umio na tumbo vimeisha. Mshono wao umetoka vizuri sana, satini nene ya tabaka nne inakatika ghafla na kuwa nyepesi yenye matundu. Ukipitisha kidole unasikia kama ngazi.

Jumanne, 22 Julai

Leo imekuwa siku ya lastiki, na ni siku nzuri kuliko zote mpaka sasa.

Tulikuwa na mita sita za bomba la taulo na kitenge, zimelala barazani kama kamba ya kuvutia gari. Swali: tunazikunjaje? Utumbo haujisokoti ovyo kama nyuzi kwenye mfuko. Mizunguko ya wanyama wa aina moja inafanana kwa namna ya ajabu, karibu idadi ile ile na ukubwa ule ule. Zamani wengi walidhani unajikunja kwa sababu tu nafasi ni ndogo. Mwaka 2011 watafiti wa Harvard walionyesha sababu nyingine, wakitumia zaidi viinitete vya kuku. Utumbo umening'inizwa kwenye utando uitwao mesenteri, kama pazia kwenye fimbo yake. Utumbo unakua haraka kuliko mesenteri. Mesenteri inauvuta, utumbo hauna pa kwenda isipokuwa kujipinda. Waliukata utumbo ukatengana na mesenteri, ukanyooka. Na wakathibitisha kwa vitu visivyo hai kabisa: bomba la mpira lililoshonewa kwenye karatasi ya mpira iliyovutwa. Walipoachia, bomba likajikunja mizunguko iliyofanana na ya utumbo.

Nilianza kumsomea fundi haya, lakini hakusubiri nimalize.

"Hicho ni kiuno cha sketi," akasema.

Akachukua ukanda mpana wa lastiki, akauvuta kwa mkono wa kushoto mpaka ukakonda, akaushonea kwenye bomba huku mguu unakanyaga. Alifanya mita moja hivi, akakata uzi, akaachia. Bomba lote likarukia ndani, likajipanga mizunguko mitano, mmoja baada ya mwingine, karibu sawa. Mimi sikuwa nimegusa kitu. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje.

Baada ya hapo utumbo mpana ulikuwa rahisi. Misuli yake ya nje ya urefu imekusanyika kuwa kanda tatu, zinaanzia kwenye mzizi wa kidole tumbo, na kwa kuwa ni fupi kuliko bomba lenyewe zinalifanya litoke vifuko vifuko. Lastiki nyembamba tatu, zimevutwa, zimeshonwa kwa urefu. Vifuko vikatokea vyenyewe. Penye puru kanda zile tatu zinatanuka na kuzunguka bomba zima, kwa hiyo vifuko vinaisha. Fundi aliuliza kwa nini utumbo mwembamba hauna kanda hizo. Misuli yake ya urefu imelizunguka bomba lote sawasawa. Akaridhika na jibu hilo haraka kuliko mimi.

Jumamosi, 26 Julai

Mshono wa tumbo na duodenamu. Huu ndio niliouogopa, kwa sababu ndio swali la yule mtoto.

Fundi alitaka kujua tu kama aweke mshono mkali au wa kufifia. Nikamwambia mkali, mkali kuliko yote. Akataka kujua kwa nini.

Kwa panya wa maabara, ambao mimba yao ni kama wiki tatu, mambo haya yamefuatiliwa karibu siku kwa siku. Kuna protini ambazo kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni. Upande wa umio na tumbo inatawala ile iitwayo SOX2. Upande wa utumbo inatawala CDX2. Kuelekea siku ya 14 mpaka wa ngozi bado ni ukungu. Kufikia takriban siku ya 16 mpaka umekuwa mkali kiasi kwamba seli ya huku ni ya tumbo na ya pili yake ni ya utumbo. Seli moja tu ndiyo upana wa mpaka wenyewe.

Na tumbo halijitangazi peke yake. Nyama iliyolizunguka inasema pia. Kuna protini iitwayo BARX1 katika tishu za nje za tumbo changa. Kazi yake mojawapo ni kunyamazisha ishara zinazoiambia ngozi "kuwa utumbo". Utafiti wa 2005 uliiondoa, na ngozi ya tumbo la panya ikaanza kuchukua sura ya utumbo. Hili limenigusa zaidi ya yote. Kumbe kitenge kinaiambia satini iwe satini.

Nilimwambia fundi kwamba ngozi ya utumbo mwembamba inabadilishwa yote kila baada ya siku tatu hadi tano. Seli za zamani zinamwagika ndani ya bomba na mpya zinapanda kutoka chini ya vishimo. Akaacha kukata.

"Kwa hiyo hiki kitambaa kinatupwa kila wiki, kinawekwa kipya."

"Ndiyo, mama."

"Na rangi nani anaikumbuka?"

Seli shina, zile zinazozaa seli mpya chini ya vishimo, ndizo zinazokumbuka. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba seli shina za mwanzo na za mwisho wa utumbo mwembamba zikichukuliwa na kukuzwa nje ya mwili kabisa, kwenye vyombo vya maabara, kila moja inaendelea kutoa utumbo wa kwao. Hazina chakula kinachopita, nyongo hazina, jirani hazina, na bado zinajua zilikotoka. Lakini kumbukumbu hiyo ina masharti. CDX2 ikiondolewa mapema katika kijusi cha panya, ngozi ya utumbo inageuka na kufanana na ya umio. Panya mwenye nusu tu ya kiwango chake anaota visiwa vya ngozi kama ya tumbo ndani ya utumbo mpana. Na kazi ya 2022 iliiondoa protini nyingine, SATB2, kwenye utumbo mpana wa panya wazima, siyo vijusi, na utumbo mpana ukaanza kuota vilai na kufanya kazi kama mwisho wa utumbo mwembamba. Mpaka huu unashikiliwa leo, sasa hivi, tumboni mwa kila anayesoma hapa.

Ukiachiwa, ni ugonjwa. Tumbo lililoishi miaka mingi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori linaweza kupata mabaka ya ngozi ya utumbo, na ndani ya mabaka hayo CDX2 imewashwa mahali isipostahili. Umio unaounguzwa na asidi kwa muda mrefu unaweza kubadilisha ngozi yake ya chini. Hali zote mbili zinafuatiliwa na madaktari kwa sababu zinaongeza hatari ya saratani. Hapa kwetu Afrika Mashariki saratani ya umio iliyo nyingi ni ile ya ngozi yenyewe ya umio, siyo ya ngozi iliyogeuka, na vinywaji vya moto kupita nyuzi joto 65 za Selsiasi vimo katika yanayoshukiwa. Naandika hili kwa sababu chai ya barazani huletwa ikiwa inachemka, na mimi sasa naisubiri ipoe.

Tumeamua hivi: ngozi ya duodenamu haitashonwa moja kwa moja. Itafungwa kwa vishikizo, ili mwanafunzi aivue na kuvalisha nyingine. Vishikizo vya taulo vitaingia kwenye matundu ya kitenge cha utumbo tu. Ukijaribu kuvalisha satini ya tumbo huko, inakataa.

Chini ya ngozi hiyo ya kwanza kabisa, baada tu ya mshono, fundi ameshona shanga ndogo ndogo nyeupe. Ni tezi za duodenamu zinazotoa ute wa kupunguza makali ya asidi. Ni nyingi karibu na mlango, kisha zinapungua.

Jumanne, 29 Julai

Jejunamu na iliamu, yaani sehemu ya kati na ya mwisho ya utumbo mwembamba. Hapa tulifanya kosa na tukalifumua.

Fundi, akiwa amezoea mishono mikali, alikata taulo nene na taulo nyembamba akaziunganisha kwa mshono safi kabisa, ulionyooka. Ulipendeza. Lakini ni uongo. Daktari wa upasuaji akishika utumbo mwembamba mkononi anaweza kusema hapa ni mwanzo, hapa ni mwisho, ila mahali hasa jejunamu inapogeuka iliamu hakuna. Mikunjo ya ndani ni mirefu na imebanana mwanzoni, kisha inafupika, inaachana, inapotea. Vilai vinafupika. Seli za ute zinaongezeka. Mabaka ya kinga, yaani mafungu ya seli za kinga ya mwili, yanazidi kuelekea mwisho. Madini ya chuma yanafyonzwa zaidi mwanzoni, kwenye duodenamu. Vitamini B12 na chumvi za nyongo zinasubiri mpaka iliamu.

Hata hapa kuna protini inayoshika zamu: GATA4, iliyopo mwanzoni na kupotea kuelekea mwisho. Ikiondolewa kwenye jejunamu ya panya, jejunamu inaanza kufyonza chumvi za nyongo kama iliamu. Kwa hiyo tofauti ni ya kweli. Kilichokosekana ni mstari.

Tulifumua. Fundi alikaa na wembe usiku wa manane kwa mshumaa, umeme ulikuwa umekatika, akinyoa vinyuzi vya taulo kidogo kidogo kwa urefu wa mita mbili, na marinda ya ndani akiyapunguza moja moja. Asubuhi alinipa nipapase nimefumba macho. Nilijua nimetoka kwenye jejunamu nilipokuwa nimeshafika mbali ndani ya iliamu. Vifungo vya mabaka ya kinga vimeshonwa upande ulio mbali na mesenteri, kama ilivyo.

Mshono wa iliamu na utumbo mpana ulichukua nusu saa: taulo, mdomo wa kitenge uliokunjwa kuwa vali, jezi. Mkali tena.

Ijumaa, 1 Agosti

Darasani. Meza sita zimeunganishwa. Niliwafunga macho kwa vitambaa vya skafu, wakapita mmoja mmoja mkono ukiwa ndani, na kazi ilikuwa kusema "mpaka" wakiusikia.

Wote walisema mpaka kwenye umio na tumbo. Wote kwenye tumbo na duodenamu. Katikati ya utumbo mwembamba walinyamaza, wawili walirudi nyuma kutafuta. Kwenye utumbo mpana, pale uzi wa njano unapogeuka buluu, hakuna aliyesema kitu. Nilipowafungua macho na kuwaonyesha uzi, palikuwa na kelele za kupinga, "lakini ndani hapajabadilika!" Tulikaa pale dakika ishirini, ratiba ikavurugika, na ndipo nilipowasimulia mtoto aliyeshika kitovu.

Yule wa penseli alirudia mara tatu kwenye mshono wa duodenamu. Alivua vishikizo, akajaribu satini, ikakataa, akavalisha taulo. Kisha akauliza ni nani aliyetoboa matundu ya kitenge. Nikamwambia kitenge nacho kilikuwa kinaambiwa na ngozi wakati wa kukua, vyote viwili vinaambiana tangu mrija ulipokuwa laini. Aliandika. Amesema atauliza tena Jumatatu.

Jumanne, 5 Agosti

Umebaki mshono mmoja, wa mwisho, sentimita chache kabla ya kutoka. Juu yake ngozi ni ya bomba, imetokana na tabaka la ndani la kiinitete. Chini yake ngozi inafanana na ya nje na imetokana na tabaka la nje. Juu, bawasiri haina maumivu makali hata ikitoa damu. Chini, inauma sana, kwa sababu neva ni zile zile za ngozi ya mwili. Damu nayo inabadilika njia.

Ni mahali pekee ambapo ngozi, neva na damu vinabadilika karibu kwenye mstari mmoja. Nilimwambia fundi kwamba hapa, kwa mara moja tu, mshono wa bitana ukae juu ya mshono wa nje.

"Patavimba," akasema.

"Pavimbe, mama."

Ameushona leo jioni. Pamevimba kidogo, kama alivyosema, na upande wa chini ametia uzi mwekundu mwingi, mshono wa karibu karibu, ili mkono ujue.